Nguzo za mawe za Turkana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Namoratunga, Lothagam na ziwa lililozizaa

Kando ya barabara ya Lodwar kwenda Kalokol, magharibi mwa Ziwa Turkana, kuna kundi la nguzo za mawe meusi ambalo wasafiri wengi hulipita bila kujua limekaa hapo tangu lini. Wanaosimama kulitazama huondoka na maswali yaleyale: ni ya nani, ni ya nini, na ni kweli kwamba ni kalenda ya nyota? Majibu yameanza na mambo ya msingi na kuishia na yale ya wenye haja maalumu. Jambo lililokwisha kuelezwa halirudiwi. Utaelekezwa kwa namba. Mwenye muda wa kusoma jibu moja tu asome la 10.

## Mambo ya msingi

1. Namoratunga ni nini, na iko wapi?

Namoratunga ni jina la Kiturkana la mahali penye mawe ya kale yaliyosimamishwa na watu. Panapojulikana zaidi ni hapo kando ya barabara ya Lodwar–Kalokol, Kaunti ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Kuna nguzo 19 za basalti, yaani mwamba mweusi wa volkano, zimekusanywa mahali pamoja. Baadhi ziko wima, nyingine zimeinama, na kila moja imeelekea upande wake. Wanaakiolojia hupaita Kalokol, kwa jina la mji ulio karibu, nasi tutafanya hivyo hapa ili tusichanganye na Namoratunga nyingine (tazama 2).

Anayekwenda akitarajia minara atashangaa, kwa kuwa nguzo nyingi hazizidi kimo cha mtu mzima. Lakini zitazame pamoja na uwanda ulio mbele yake, vilima vilivyo nyuma, na upande lilipo ziwa. Bila hayo matatu hazisomeki.

2. Mbona wengine wanasema Namoratunga iko Lokori?

Kwa sababu iko huko pia. Lokori iko kusini zaidi, katika bonde la mto Kerio, na mawe yake ni ya aina nyingine: ni makaburi yaliyozungushiwa mabamba ya mawe yaliyosimamishwa, na juu ya mengi kuna michoro iliyochongwa inayofanana na alama ambazo wafugaji huwachoma nazo mifugo. Vitabu vya zamani huita Lokori Namoratunga ya kwanza na Kalokol Namoratunga ya pili, kana kwamba ni ndugu.

Mkanganyiko huu ulileta madhara makubwa. Umri wa makaburi ya Lokori ulipopimwa na kuonekana ni kama mwaka 300 KK, Kalokol nayo ikapewa umri huohuo, ingawa haikuwa imepimwa yenyewe. Hesabu za nyota zikajengwa juu ya tarehe hiyo ya kuazima. Yaliyotokea baadaye yako kwenye jibu la 13.

3. Je, Kalokol ndiyo pekee yenye nguzo?

Hapana. Upande wa magharibi wa ziwa kuna pia Lothagam Kaskazini, Lothagam Magharibi na Manemanya. Upande wa mashariki kuna Jarigole na Il Lokeridede. Zote zina nguzo za mawe zilizosimamishwa, na zile zilizochimbwa vya kutosha zimeonyesha kazi yake: ni mahali pa kuzikia.

Lothagam Kaskazini ndiyo iliyochunguzwa kwa kina zaidi, kwa hiyo mengi tunayoyaeleza hapa yanatoka huko. Kalokol ndiyo maarufu kwa sababu tu iko kandokando ya lami. Ni bahati ya barabara, na ingefaa wanaoandika kuhusu Turkana wakumbuke hilo.

4. Zina umri gani?

Lothagam Kaskazini ilianza kujengwa miaka kama 5,000 iliyopita na ikaendelea kutumika hadi miaka kama 4,300 iliyopita. Nguzo nyingine za bonde hili ni za kipindi hichohicho kwa jumla, kati ya miaka 5,000 na 4,000 iliyopita.

Kwa kulinganisha tu: Piramidi Kuu ya Giza ilijengwa miaka kama 4,600 iliyopita. Maana yake ni kwamba watu wa Lothagam walikuwa tayari wanazika katika eneo lao kabla Farao Khufu hajazaliwa. Hakuna jengo la mawe la ukubwa huo, kusini ya Sahara upande huu wa mashariki mwa bara, linalojulikana kuwa la zamani zaidi.

5. Nani alizisimamisha? Ni Waturkana?

Ni wafugaji wa kwanza kabisa wa eneo hili: watu waliokuwa na ng'ombe, mbuzi na kondoo, na ambao bado walivua samaki na kuwinda. Mifugo ilifika bonde la Turkana kutoka kaskazini, Sahara ilipokuwa inakauka na watu wakihama na wanyama wao kufuata maji na majani.

Waturkana wa leo walifika maelfu ya miaka baadaye. Masimulizi yao wenyewe yanasema walishuka kutoka upande wa Karamoja, katika karne chache zilizopita, wakazikuta nguzo zimesimama. Hilo haliwaondolei heshima yoyote. Wao ndio waliozitunza kwa kuziogopa na kuziheshimu (tazama 15 na 16).

6. Je, Wamisri au wageni wengine walizijenga?

La. Swali hili huulizwa kwa kila jengo la kale barani Afrika, na mara nyingi nyuma yake kuna dhana kwamba wenyeji wasingeweza. Mawe ni ya hapohapo. Vyungu vilivyopatikana ndani yake, vyenye nakshi za kuchomachoma zinazoitwa za Nderit, ni vya Afrika Mashariki, na vimepewa jina la eneo lililo karibu na Nakuru. Mapambo yametengenezwa kwa mawe ya rangi, maganda ya mayai ya mbuni na meno makubwa ya kiboko. Kila kitu ndani ya makaburi haya kinazungumza lugha ya ziwa hili.

## Mawe na kilicho chini yake

7. Je, nguzo zimechongwa? Mbona zina kingo zilizonyooka hivyo?

Hazikuchongwa. Lava nzito ikipoa taratibu husinyaa, na ikisinyaa hupasuka kwa mistari inayoshuka chini, ikaacha nguzo zenye pande tano au sita. Wajenzi walizitafuta nguzo za namna hiyo mahali zilipokuwa zimekwisha kupasuka, wakazing'oa na kuzibeba. Lothagam Kaskazini baadhi ya mawe yalitolewa umbali wa kama kilomita moja.

Kilomita moja ni fupi kwa mtu anayetembea mikono mitupu. Kwa watu waliobeba basalti, bila gurudumu wala winchi, katika nchi ya joto lile, ni kazi ya kijiji kizima, na mtu hafanyi kazi ya namna hiyo kwa jambo dogo.

8. Chini ya nguzo kuna nini?

Kuna watu. Na hapa ndipo mpangilio wa kazi unapogusa moyo, kwa sababu tunachokiona leo, yaani nguzo, ndicho kilichowekwa mwisho.

Lothagam Kaskazini kazi ilikwenda hivi. Kwanza waliweka alama ya duara kubwa kwa mawe, lenye kipenyo cha mita 30 hivi. Katikati yake wakaondoa mchanga wa ufukwe wa zamani, mchanga ulioachwa na ziwa, mpaka wakafika kwenye mwamba. Wakazungushia shimo hilo mabamba ya mawe. Ukubwa wake ni kama mita za mraba 120. Humo wakawa wanazika ndugu zao, kizazi baada ya kizazi, kwa karne kadhaa, wakifukua mahali pa maiti mpya kando na juu ya wale waliotangulia. Shimo lilipojaa hawakuliacha wazi. Walilifukia, wakalifunika kwa mawe kama mfuniko wa chungu, na juu ya mfuniko wakasimamisha nguzo. Upande wa mashariki waliongeza duara za mawe na marundo ya mawe.

Kwa hiyo anayepiga picha na nguzo za Lothagam anapiga picha na ishara ya kufunga. Kazi yenyewe, ile ya mamia ya mazishi, ilikuwa imekwisha kabla nguzo hazijasimama.

9. Ni kweli wamezikwa mamia? Na je, walikuwa na mfalme?

Makadirio ya chini ni watu 580 katika Lothagam Kaskazini pekee. Wachunguzi hawakuwafukua wote, wala hawakuwa na haja ya kufanya hivyo. Walichimba sehemu ndogo kwa uangalifu, wakapima ukubwa wa shimo zima, kisha wakakadiria kutokana na msongamano wa mifupa waliyoikuta. Utafiti huo uliongozwa na Elisabeth Hildebrand, Katherine Grillo na Elizabeth Sawchuk, pamoja na wenzao, na matokeo yake yakatoka mwaka 2018.

Kuhusu mfalme, hapa ndipo Lothagam ilipowalazimisha wataalamu kurudi kwenye madaftari yao. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba jengo kubwa linahitaji mkubwa wa kuliamrisha: mtawala, makuhani, tabaka la juu. Lothagam wamezikwa wanaume, wanawake, wazee, vijana na watoto wachanga mahali pamoja. Karibu kila mmoja alizikwa na mapambo yake: shanga za mawe za waridi na za kijani, shanga za maganda ya mayai ya mbuni, bangili na pete za meno makubwa ya kiboko. Mapambo yamesambaa karibu sawasawa katika makaburi yote. Hakuna kaburi la bwana lililotengwa na ya watwana.

Yapo ya kustaajabisha. Mtu mmoja alizikwa na pambo la kichwa lililounganishwa kwa meno zaidi ya 400 ya panya wadogo wa jangwani, ambayo yalihitaji panya zaidi ya 100. Kuna pia kibao cha jiwe kilichochongwa vichwa viwili vya ng'ombe. Vitu kama hivi vinaonyesha kwamba mtu mmojammoja alipendwa na kupambwa. Havionyeshi kwamba yeye alikuwa juu na wengine chini.

Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote yaliyotoka kwenye mchanga wa Turkana kuhusu kipindi hiki. Watu waliweza kufanya kazi kubwa, ya karne nyingi, kwa mapatano.

## Ziwa na ardhi

10. Kwa nini wajenge jangwani, mahali pasipo na maji?

Hapakuwa jangwa walipoanza kufika. Kati ya miaka kama 12,000 na 5,000 iliyopita Afrika Mashariki na Sahara zilipata mvua nyingi kuliko leo. Ziwa Turkana lilijaa hadi karibu mita 100 juu ya kiwango chake cha sasa, likafurika upande wa kaskazini-magharibi, na maji yake yakapata njia ya kuelekea Naili. Watu wa mwambao wake walikuwa wavuvi hodari. Vichwa vya vyusa vya mifupa vilivyookotwa Lothagam ni vya maisha hayo.

Kisha mvua zikapungua. Miaka kama 5,300 iliyopita ziwa likaanza kushuka, na halikushuka kwa upole. Katika nchi iliyo tambarare, kila mita ya maji inayoshuka hufunua kilomita za matope, kisha mchanga, kisha nyasi chache. Mvuvi aliyezoea kutega mtego mlangoni pake alijikuta akitembea. Ghuba zenye samaki zikawa mbuga za chumvi. Wakati huohuo ardhi mpya iliyoachwa na maji ilikuwa malisho, na waliokuja na mifugo waliipata.

Sasa zitazame nguzo ziko wapi. Ziko katika ukanda wa fukwe za zamani, chini ya vilima, kwenye miinuko inayotazama uwanda ulioachwa na maji. Shimo la Lothagam lilichimbwa ndani ya mchanga wa ufukwe ambao ziwa lilikuwa limeuhama (tazama 8). Mtu aliyesimama hapo akizika mama yake aliona mbele yake mahali ambapo babu yake alivua samaki, na ng'ombe wake wakila majani yaliyoota juu ya kilichokuwa maji.

Wachunguzi wanazielewa nguzo hizi kwa njia hiyo. Kila kitu kilikuwa kinasogea: maji, malisho, mvua, majirani. Wafugaji walitawanyika kutafuta majani na kukutana na watu wasiowajua, na wavuvi walilazimika kujifunza maisha mapya. Palihitajika mahali pasiposogea. Mahali ambapo koo zilizotawanyika zingerudi kuzika, kuonana, kubadilishana habari za mvua na za magonjwa ya mifugo, kuozesha binti na kulipa madeni ya ng'ombe. Nguzo ya jiwe kwenye mwinuko huonekana kutoka mbali katika nchi isiyo na miti mirefu, na haihami.

Wanafunzi wakitaka kuelewa nguzo hizi, mwalimu awaonyeshe ramani ya ziwa la zamani kabla ya kuwaonyesha picha ya jiwe.

11. Kwa nini waliacha kuzika hapo?

Hapakuwa na vita wala tauni inayoonekana kwenye mifupa. Lothagam ilifungwa kwa utaratibu, ikafunikwa na kuwekewa nguzo, kama mtu anayekamilisha kazi aliyoikusudia. Inaelekea ziwa lilipofika kiwango cha chini na hali ya nchi ikatulia, watu walikwisha kuwa wafugaji kamili waliozoea ukame, wenye njia nyingine za kukutana. Haja ya mahali pamoja pakubwa ikapungua.

12. Walikwenda wapi?

Baadhi walibaki. Ufugaji wenyewe ulisogea kusini kidogokidogo, kupitia Bonde la Ufa, na miaka kama 3,000 iliyopita wafugaji walikuwa wamekwisha kuenea katika nyanda za kati za Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Vyungu vyenye nakshi za Nderit vimepatikana Turkana, karibu na Nakuru, hadi Serengeti. Desturi ya kusimamisha nguzo haikusafiri pamoja navyo: hilo lilikuwa jambo la ziwa.

Habari ya ziwa haijaisha. Zaidi ya asilimia 80 ya maji yake huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, na tangu bwawa la umeme la Gibe III, lililojengwa kwenye mto huo, lilipoanza kufanya kazi wavuvi wa Kalokol wanaufuatilia mto huo kwa makini. Wanajua kwamba ziwa hili linaweza kubadilika ndani ya maisha ya mtu mmoja. Wajenzi wa nguzo walijua hivyo pia.

## Nyota

13. Nimesoma kwamba Namoratunga ni kalenda ya nyota. Ni kweli?

Ushahidi uliopo leo hauliungi mkono dai hilo. Asili yake ni hii, na inastahili kuelezwa kwa haki, kwa sababu waliolitoa walikuwa wachunguzi makini.

Mwaka 1978 Mark Lynch na Lawrence Robbins waliandika katika jarida la Science kwamba nguzo 19 za Kalokol zimepangwa kuelekea mahali zilipochomoza nyota na makundi ya nyota saba mwaka 300 KK. Nyota hizo ni zile zinazoongoza kalenda ya Waborana, wafugaji wa Kioromo wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya: Triangulum, Kilimia (kundi dogo la nyota), Aldebaran, Bellatrix, Orion ya kati, Saiph na Sirius. Wazo lilikuwa zuri mno. Likaenea katika vitabu vya shule, vipeperushi vya utalii na mitandao, na linaendelea kuenea.

Matatizo yalianza kuonekana mapema. Basalti ina chembe za sumaku, na dira ikiwekwa karibu nayo hupotoshwa. Mwanaakiolojia Robert Soper alirudi akapima upya na mwaka 1982 akaeleza kwamba vipimo vya kwanza vilihitaji kusahihishwa. Kisha kuna hesabu ya kawaida ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya: nguzo 19 zinatoa jozi 171. Kila jozi ina pande mbili, kwa hiyo kuna mielekeo 342, karibu mmoja kwa kila digrii ya upeo wa macho. Ukitafuta nyota saba katika mielekeo 342, utazipata, hata kama aliyesimamisha nguzo hakuwahi kutazama juu. Na nguzo zenyewe zimeinama. Ukipima kutoka kileleni unapata jibu moja, ukipima kutoka shinani unapata jingine.

Pigo kubwa zaidi ni la tarehe. Mahali nyota zinapochomoza hubadilika kadiri karne zinavyopita, kwa sababu mhimili wa dunia huyumba polepole. Kilimia ya mwaka 300 KK ilichomoza takriban digrii 10 kaskazini zaidi ya Kilimia ya miaka 2,000 kabla yake. Sasa tunajua kwamba nguzo hizi ni za kipindi hicho cha nyuma (tazama 4), na kwamba mwaka 300 KK uliazimwa kutoka Lokori (tazama 2). Nyota zilizolingana na nguzo katika hesabu ya mwaka 1978 hazikuwa mahali hapo mawe yaliposimamishwa.

14. Kwa hiyo kalenda ya Waborana nayo ni hadithi tu?

La hasha. Kalenda hiyo ni ya kweli, inatumika, na ni kazi kubwa ya akili. Msomi Asmarom Legesse aliieleza mwaka 1973 katika utafiti wake juu ya Waoromo Waborana. Ina miezi 12 inayofuata mwezi wa angani, siku 354 kwa mwaka, na majina 27 ya siku yanayozunguka bila wiki. Wataalamu wake, wanaoitwa ayantu, hutazama mwezi ukilala sambamba na nyota fulani, na kwa hilo wanajua mwezi gani umeanza. Wanatumia macho na kumbukumbu, hawahitaji nguzo.

Watu wa Afrika Mashariki wamesoma anga siku zote. Mswahili wa pwani amejua tangu zamani kwamba Kilimia ikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na mkulima amepanga jembe lake kwa hilo. Elimu hiyo inasimama yenyewe. Kuining'iniza kwenye nguzo za Kalokol kunaidhoofisha, kwa sababu siku nguzo zikikataa, msikilizaji atadhani na elimu yenyewe ilikuwa ya uongo.

## Wenyeji na masimulizi

15. Hadithi ya wachezaji waliogeuka mawe inasemaje?

Waturkana husimulia kwamba nguzo hizi zilikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma. Alifika kati yao mgeni ambaye kumbe alikuwa pepo. Wakamcheka, naye akawageuza mawe palepale, kila mmoja katika mkao aliokuwa nao. Ukizitazama nguzo za Kalokol zilivyoinama huku na huku, utaona masimulizi yameshika kitu ambacho michoro ya ramani imekikosa: zina mwendo.

Nakubaliana na wale wanaosema masimulizi haya yaandikwe kwenye bango lolote litakalowekwa hapo, kando ya matokeo ya uchimbaji, na yapewe nafasi sawa. Wenyeji walijua tangu zamani kwamba ndani ya mawe yale kuna watu.

16. Mbona kuna vijiwe vidogo juu ya nguzo?

Wapita njia wa Kiturkana huweka kijiwe juu ya nguzo kama heshima na kinga ya safari. Usiviondoe ili kupata picha safi. Ukitaka kuweka chako, mwulize mwenyeji uliyeandamana naye, ufanye anavyokuelekeza. Usibomoe jiwe la duara la kale kupata hicho kijiwe.

## Ziara na mambo ya pembeni

17. Nifikeje?

Fika Lodwar kwanza, kwa ndege kutoka Nairobi au kwa barabara ya Kitale na Kapenguria. Kutoka Lodwar, Kalokol ni kama saa moja kwa gari, na nguzo ziko kando ya barabara kabla ya kufika mjini. Nenda alfajiri au jioni. Mchana joto la Lodwar hupita digrii 35 kwa urahisi, na hakuna kivuli penye nguzo. Beba maji kuliko unavyodhani utahitaji.

Lothagam ni safari nyingine kabisa: haiko barabarani, inahitaji gari imara, mwenyeji anayejua njia, na taarifa kwa chifu wa eneo kabla ya kwenda.

18. Naweza kupanda juu ya nguzo, kuzisimamisha zilizoinama, au kuziandika jina?

Usifanye lolote kati ya hayo. Kuinama kwa nguzo ni ushahidi wa namna ilivyosimamishwa na udongo ulivyosogea. Ukiinyoosha umefuta habari ambayo haitarudi. Na kumbuka uko makaburini (tazama 8). Mavazi na sauti zako ziwe zile ambazo ungekuwa nazo kwenye makaburi ya kwenu.

19. Nimeona ushanga chini. Nichukue?

Uache ulipo. Nchini Kenya vitu vya kale vinalindwa na Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006, na kuvihamisha bila kibali ni kosa. Zaidi ya sheria, ushanga uliotolewa mahali pake umepoteza nusu ya maneno yake. Usawa wa watu wa Lothagam (tazama 9) ulijulikana kwa sababu kila ushanga ulipimwa ulipokuwa: upande gani, kina gani, shingoni mwa nani. Shanga hizo zingekuwa zimeokotwa moja moja na wapita njia, swali la mfalme lisingejibiwa.

20. Dira ya simu yangu inazungukazunguka nikiwa penye nguzo. Kuna nguvu gani hapo?

Ni ile sumaku ya basalti iliyoelezwa kwenye jibu la 13. Sogea hatua kadhaa mbali na nguzo itatulia. Ukitaka kujua kaskazini ukiwa katikati ya nguzo, tumia jua au ramani.

21. Kwetu kuna mawe yaliyosimama malishoni. Nitajuaje kama ni ya kale?

Angalia mambo matatu. Kwanza, je, jiwe hilo ni la mwamba wa hapohapo, au ni geni kwa ardhi ile? Jiwe geni limeletwa na mtu. Pili, je, kuna mpangilio chini: duara, rundo, au mwinuko wa mviringo uliofunikwa kwa mawe madogo? Tatu, simama hapo utazame mbele. Ukiona ufukwe wa zamani, kokoto za ziwa au makombe ya konokono wa majini mbali na maji ya leo, uko katika ukanda ule ambao wajenzi waliupenda.

Jiwe moja peke yake linaweza kuwa mpaka wa shamba, alama ya kisima, au kaburi la mzee ambaye wajukuu wake bado wako kijijini. Waulize wazee kwanza. Usichimbe wala usigeuze jiwe. Piga picha za pande zote, weka fimbo kando ili ukubwa uonekane, andika mahali kwa ramani ya simu, kisha peleka taarifa kwa ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya iliyo karibu au kwa ofisi ya utamaduni ya kaunti. Usipandishe mahali kamili mtandaoni kabla hawajafika, maana wanaotafuta mali kwenye makaburi nao wanasoma.